Punda Aliyebeba Wimbi

Aliyesema fadhila za punda ni mateke hakuwahi kufika Paris. Kule, enzi za hekaya hii, punda ndiye aliyefadhili, na mateke yakamrudia yeye. Wanyama nitakaowasimulia wana manyoya, miiba na mabawa ya kubuni, na maneno nimewatia mimi vinywani. Lakini filamu zao, miaka yao na madeni yao ni ya kweli. Binadamu aliyejificha ndani ya kila ngozi nitamtaja, mtu asije akadhani namsema jirani yake.

Punda wetu alizaliwa mwaka 1920 Marseille, bandari ya kusini mwa Ufaransa ambako kila kitu kina bei na kila bei ina ugomvi. Binadamu walimwita Georges de Beauregard: jina la kikabaila, mgongo wa mchukuzi. Kazi aliyoichagua ni utayarishaji wa filamu. Kwa wasioijua kazi hiyo, mtayarishaji ni mnyama anayebeba pesa za wasiopenda kuzitoa na kuzipeleka kwa wasiojua kuzihesabu, huku akisemwa na pande zote mbili. Filamu ikianguka, imemwangukia yeye. Ikisimama, watu husema imesimama kwa miguu ya mwongozaji.

Alianzia Hispania, nchi iliyotawaliwa wakati ule na Fahali, yaani Jenerali Franco. Huko akasaidia kuzibeba filamu mbili za Juan Antonio Bardem: Muerte de un ciclista iliyotoka mwaka 1955, na Calle Mayor ya 1956. Katikati ya kupiga picha za hii ya pili, askari wa Fahali wakaja wakamchukua mwongozaji na kumtia ndani. Kelele zikapigwa hadi nchi za nje, akaachiwa, kazi ikaendelea. Punda akajifunza mapema kwamba kwenye hesabu za filamu kuna gharama moja ambayo hakuna mhasibu anayeiandika: serikali.

Aliporudi kwao aliandamana na Shakwe. Huyu alikuwa Pierre Schoendoerffer, mpiga picha wa jeshi aliyetekwa Dien Bien Phu mwaka 1954, Ufaransa iliposhindwa na Wavietinamu, na roho yake ilibaki ikielea juu ya bahari na vita maisha yake yote. Wakaenda mpaka Afghanistan kupiga La Passe du diable. Mwaka 1959 wakatoa nyingine mbili kutoka riwaya za Pierre Loti, Ramuntcho na Pêcheur d'Islande. Zilikuwa kazi za heshima, nazo hazikuleta kingine ila heshima. Lakini katika safari hizo Punda alimpata Mbwa: Raoul Coutard, aliyewahi kupiga picha vitani Indochina, asiyehitaji taa kubwa wala kubembelezwa. Mwekee kamera begani, mwambie kimbia, naye atakimbia.

Kijijini Paris, ngoma ya vivuli, yaani sinema, ilikuwa mikononi mwa Ng'ombe Wazee, yaani waongozaji wakongwe. Walikuwa na mabanda makubwa, taa zenye joto la tanuri, na ndani ya mabanda hayo mafundi walijenga mitaa ya Paris kwa mbao na rangi, ilhali mtaa wenyewe uko nje ya mlango. Vijana waliokuwa wakiwapigia kelele walikusanyika katika jarida la Cahiers du cinéma, lililoanzishwa mwaka 1951. Humo waliandika kila mwezi kwamba Ng'ombe wanacheua kilekile cha jana. Walikuwa na ndimi kali na mifuko mitupu, na mwenye mfuko mtupu hana hasara ya kuogopa.

Mmoja wao alikuwa Nungunungu mwenye miwani myeusi, binadamu wakimjua kwa jina la Jean-Luc Godard. Alikuwa akifanya kazi ya matangazo katika ofisi ya Paris ya Twentieth Century-Fox. (Jina la Mbweha wamejipa wenyewe, mimi nimelikuta.) Filamu ndefu alikuwa hajaongoza hata moja.

"Nina hadithi," alimwambia Punda. "Kijana anaiba gari, anamuua polisi, anampenda msichana wa Kimarekani, msichana anamchongea, kijana anakufa."

"Maandishi yako wapi?"

"Nitaandika asubuhi."

"Asubuhi ya lini?"

"Ya kila siku ya kazi."

Punda mwenye busara angetikisa masikio akaenda zake. Huyu alipiga hesabu. Kupiga picha barabarani hakuna kodi ya banda. Jua halina bili. Asiyejulikana hadai ujira mkubwa. Nasikia siku hizi watu wanasema alikuwa na jicho la kuona fikra mpya; mimi naona alikuwa na jicho la kuona kitu rahisi, na hilo halimpunguzii chochote, maana Ng'ombe Wazee walikuwa na macho mawili na hawakuona hata hicho.

Tatizo lilikuwa Mafuko, wenye kusambaza filamu na kutoa pesa za kwanza. Fuko haoni mbali, hupapasa. "Jina la nani liko juu?" wakauliza. Bahati nzuri Nungunungu alikuwa na marafiki wawili ambao majina yao yalikwisha kunukia pesa: Kindi, yaani François Truffaut, aliyetoka Cannes mwezi Mei 1959 na tuzo ya uongozaji kwa Les Quatre Cents Coups, na Dubu, yaani Claude Chabrol, ambaye Les Cousins yake ilikuwa imejaza kumbi. Kindi akatoa hadithi. Dubu akaandikwa mshauri wa ufundi, na mchango wake mkubwa ukawa kukubali aandikwe. Mafuko wakapapasa majina hayo mawili, wakaridhika, wakafungua kibindo nusu.

Kazi ilianza tarehe 17 Agosti 1959. Kamera ya Mbwa ilisukumwa kwenye kiti cha magurudumu cha wagonjwa, na katika barabara ya Champs-Élysées ikafichwa ndani ya mkokoteni wa posta uliotobolewa tundu, ili wapita njia wasijue wanapigwa picha. Wapita njia hao waliigiza bila ujira, jambo lililomfurahisha Punda kuliko ufundi wote. Sauti haikurekodiwa papo hapo. Nungunungu alikaa pembeni akiwatamkia waigizaji maneno nao wakiyarudia, na sauti zikaja kubandikwa baadaye.

Kuna siku walipiga picha saa mbili tu, mwongozaji akafunga daftari: fikra zimeisha, tuonane kesho. Mafundi wamelipwa kutwa, chakula kimeagizwa, naye anakwenda kunywa kahawa! Punda akaandika barua ya kulalamika. Barua haikujibiwa kwa kazi. Kisha siku moja ikaja habari kwamba Nungunungu anaumwa na hatafika kabisa. Punda akatoka kutuliza hasira zake, akaingia mkahawani, na nani ameketi pale? Mgonjwa. Walioshuhudia wamesimulia kwamba wawili hao walishikana mashati hadi wakatenganishwa. Tajiri anapigana na mwajiriwa wake hadharani, na kesho yake wote wawili wanarudi kazini, kwa kuwa mmoja hana filamu nyingine na mwenzake hana pesa nyingine. Ndoa nyingi zimesimama juu ya msingi dhaifu kuliko huo.

Filamu hiyo, À bout de souffle, ilitoka tarehe 16 Machi 1960. Mwaka huohuo tamasha la Berlin likampa Nungunungu tuzo ya uongozaji, na ndani ya Ufaransa, kadiri miaka ilivyokwenda, tiketi zilizouzwa zikapita milioni 2. Ghafla kijiji kizima kikawa kimewahi kumkopesha Punda. Mafuko waliokuwa wamefungua kibindo nusu wakasema walijua tangu mwanzo. Ng'ombe Wazee wakaanza kutoka nje ya mabanda kutazama mtaa unafananaje. Magazeti yalishaupa mkumbo huo wa vijana jina la Nouvelle Vague, Wimbi Jipya, na hakuna aliyeuliza wimbi limepandaje mpaka Paris, mji usio na bahari. Lilibebwa. Lakini nani humtazama mbebaji?

Mafuko wakamjia na ombi lililonyooka: tuletee Nungunungu mwingine, bei ileile. Punda akarudi kwa mwiba wake. "Una rafiki?" Nungunungu akamtajia Chiriku na Konokono.

Konokono alikuwa Jacques Rozier. Alipiga picha za Adieu Philippine kiangazi cha 1960, kisha akajifungia na mikanda yake, akikata na kuunga, akitafuta sauti zilizopotea kwa kusoma midomo ya waigizaji wake, hadi Punda alipochoka akaachana na filamu hiyo. Watazamaji waliiona kumbini mwaka 1963. Ni filamu nzuri. Punda hakupenda kuambiwa hivyo.

Chiriku, yaani Jacques Demy, alitaka kutengeneza Lola mjini Nantes kwa rangi zote za upinde wa mvua, watu wakiimba na kucheza. Punda akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia rangi zipo mbili, nyeusi na nyeupe, na kuimba kutasubiri. Lola ikatoka hivyo mwaka 1961, nayo haikurudisha mzigo. Hata hivyo Punda akauliza swali lake lilelile, una rafiki?, na Chiriku akajibu kwamba anaye Paka nyumbani.

Hapa ndipo ninapompenda Punda huyu, kwa sababu alipata bahati asiyoistahili. Paka alikuwa Agnès Varda. Alikuwa na ndoto ya filamu ya gharama, yenye safari za mbali. Punda akamwambia: lete kitu kidogo, cha rangi nyeusi na nyeupe, kisichokula pesa. Paka akaketi akafikiri kama paka anavyofikiri, kwamba mlango ukiwa mwembamba unabana masharubu na kupita. Ukipewa pesa kidogo usisafiri, baki Paris. Ukibaki Paris usipoteze siku. Chukua alasiri moja. Mwimbaji anasubiri majibu ya daktari, anaogopa saratani, anatembea mitaani kuanzia saa kumi na moja jioni, na muda wa hadithi unakwenda sawa na muda wa mtazamaji kitini, dakika 90 kwa dakika 90. Ndiyo Cléo de 5 à 7 ya mwaka 1962. Vyuo vya filamu duniani vinafundisha saa ya Paka kama uvumbuzi wa sanaa, nao ni uvumbuzi kweli. Ila Paka mwenyewe, hadi uzeeni, alikuwa akieleza bila haya kwamba ilianza na bahili aliyekataa kulipa nauli.

Sasa turudi kwa ile gharama isiyoandikwa. Mbele ya kila ngoma ya vivuli Ufaransa kulikuwa na Baraza la Bata Bukini, wakaguzi wa filamu, ndege wenye shingo ndefu na masikio mepesi, walinzi wa maadili. Juu yao alikaa Jogoo, serikali yenyewe, anayeamini kwamba asipowika jua halichomozi. Mwaka 1960 Nungunungu alipiga Geneva filamu yake ya pili, Le Petit Soldat, juu ya mtoro wa jeshi na mateso yanayotendwa na pande zote mbili za vita vya Algeria. Wakati huo Jogoo alikuwa akiviita vita hivyo kazi ya kurudisha utulivu. Septemba filamu ikapigwa marufuku. Ilikaa kabatini mpaka Januari 1963, Algeria ikiwa imeshapata uhuru na siri imeshakuwa historia. Filamu ilipigwa marufuku miaka miwili na ushei. Riba ya pesa zilizoitengeneza haikupigwa marufuku hata siku moja.

Punda akatafuta bega jingine la kubebea. Akashirikiana na Mbwa Mwitu wa Roma, Carlo Ponti, wakafanya kazi chini ya jina la Rome-Paris Films. Mwaka 1963 wawili hao wakamkaribisha Tai wa Marekani, Joseph E. Levine, ili kumtengenezea Nungunungu filamu kubwa kuliko zote: Le Mépris, yenye rangi, kisiwa cha Capri, na Swala wa dhahabu Brigitte Bardot, ambaye ujira wake ulimeza sehemu kubwa ya bajeti. Hadithi yenyewe? Mtayarishaji wa Kimarekani, mjinga mwenye hundi mfukoni, anamharibia mwandishi ndoa na kazi. Watayarishaji watatu walilipa pesa nzuri ili waonyeshwe wanavyochukiza. Sijui fahari kubwa zaidi ya hiyo kwa ukoo wa punda.

Tai alipotazama kazi iliyokamilika alitoa macho. "Nimenunua Swala, mbona manyoya tu? Ngozi iko wapi?" Nungunungu akaongeza tukio la mwanzo: Swala amelala kitandani, anamwuliza mumewe kiungo kimoja kimoja kama anakipenda, huku mwanga ukibadilika kutoka wekundu hadi weupe hadi bluu. Tai akaipata ngozi aliyoidai, ikiwa imegeuzwa kuwa orodha ya bidhaa. Mbwa Mwitu naye, kwa upande wa Italia, aliikata na kuibadili filamu hivi kwamba Nungunungu akaikana nakala hiyo. Katika ugomvi huo wa wenye meno na makucha, Punda alikuwa katikati, akipeleka ujumbe.

Kisha akaja Kobe. Jacques Rivette alitaka kutengeneza La Religieuse kutoka riwaya ya Diderot, kitabu cha karne ya 18 kuhusu msichana aliyelazimishwa utawa. Anna Karina akaigiza. Kabla filamu haijakamilika, barua za watawa na waumini waliokasirika zikawa zinamiminika. Punda, aliyekwisha kuungua, akafuata kila utaratibu. Hata jina la filamu likarefushwa ili kila mtu aelewe ni mtawa wa Diderot, si wa parokia yake. Baraza la Bata Bukini likatazama, likapitisha. Likaombwa litazame tena, likapitisha tena! Mara mbili bata walikubali, jambo ambalo halikuwa desturi yao. Ndipo akainuka Yvon Bourges, mtumishi wa Jogoo katika wizara ya habari, na majira ya kuchipua ya 1966 akaifungia filamu hiyo, ndani na nje ya nchi. Baraza lililoulizwa mara mbili likagundua kwamba liliulizwa kwa adabu tu.

Nungunungu, ambaye hakuwa mpole kwa Punda siku za amani, siku ya vita alichomoa miiba yote. Alimwandikia barua ya wazi Tausi, André Malraux, waziri wa utamaduni, mwenye mkia mzuri kuliko wote katika serikali ya Jogoo, akimlaumu kwa kukaa kimya. Tausi hakuizuia filamu isionyeshwe Cannes Mei ileile. Kwa hiyo chini ya Jogoo mmoja, mtumishi mmoja aliifungia na mwingine akaiacha ipeperushe bendera ya nchi mbele ya wageni. Julai 1967 ilifunguliwa, na watu wakajaa kumbini kwa hamu ya kuona dhambi, wakakuta filamu taratibu ya Kobe kuhusu uhuru.

Lakini muda mrefu kabla ya kufunguliwa huko, kusubiri kulikuwa kumemvunja Punda mgongo. Alimwendea Nungunungu kiangazi cha 1966 akamwomba filamu ya haraka, yoyote, ili mikopo ipate kuzungushwa. Nungunungu alikuwa tayari na filamu nyingine mikononi. Akapiga zote mbili kwa wakati mmoja. Iliyozaliwa kwa ajili ya Punda ni Made in U.S.A, iliyochotwa kutoka riwaya ya Mmarekani Donald Westlake. Haki za riwaya hazikulipwa kama ilivyopasa, mwandishi akashtaki, na filamu hiyo yenye jina la Marekani ikakaa bila kuonyeshwa rasmi kumbini Marekani hadi mwaka 2009. Hapa sina utetezi. Punda aliyewalipa wengi kidogo, huyu hakumlipa.

Baadaye miaka ikapoa. Mwaka 1975 Nungunungu alirudi na wazo: nipe kiasi kilekile cha À bout de souffle, nikutengenezee ya pili. Punda, masikio yakasimama. Alichopata ni Numéro deux, filamu ya video kuhusu familia katika nyumba ya ghorofa, isiyo na bastola wala gari la wizi, ambayo mwanzoni mwake Nungunungu mwenyewe anakaa mbele ya kamera na kuzungumzia pesa zilikotoka. Faraja ilitoka kwa Shakwe wa zamani: Le Crabe-tambour ya 1977, Mbwa Coutard akishika kamera kwenye meli ya kivita katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Tuzo za César mwaka uliofuata zilimfikia mwigizaji Jean Rochefort, na Mbwa akapata ya upigaji picha.

Punda alifariki Septemba 1984, akiwa na miaka 63. Mwaka 2025 mwongozaji wa Kimarekani Richard Linklater alitoa filamu iitwayo Nouvelle Vague, kuhusu siku zile za Agosti na Septemba 1959, na humo Punda naye amepewa mwigizaji wa kumwiga akihangaika. Ukirudi kwenye À bout de souffle yenyewe, usikae ukisubiri orodha ya waigizaji na mafundi; haina. Huko Marseille alikozaliwa, tamasha la filamu la FIDMarseille hutoa tuzo yenye jina la Georges de Beauregard. Anayepanda jukwaani kuipokea, kwa kawaida, ni mwongozaji.